Maneno Chini ya Picha ya Mama

Mimi nilisomeshwa kwa Kifaransa. Kiingereza changu ni cha kuomba maji na kuuliza njia. Kwa hiyo filamu yangu ya mashindano ya ng'ambo ilipokamilika, niliipeleka mjini Mbarara kwa rafiki yangu mwenye studio, aniwekee maneno ya Kiingereza chini ya picha. Tulikuwa tumepiga picha harusi nyingi pamoja, zao za msikitini na zetu za kanisani. Kwao nilikula kama mtoto wa nyumba, naye kwetu vilevile. Nilimwandikia kwa Kiswahili kila alichosema mama, nikarudi Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, bila wasiwasi hata kidogo.

Filamu yenyewe ilikuwa mama tu, anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani huku akimteta baba, ambaye huchunga ng'ombe wa watu kule Endiinzi na huja nyumbani akipenda.

“Ile muzee, ngombe za Endiinzi zilimunyanganya,” anasema, mchi ukiwa juu. “Aoe moja basi!”

Kisha anacheka mpaka anashika mbavu. Kicheko kile ndicho nilichotaka watu wa mbali wakione. Machozi yetu wameshayaona ya kutosha.

Ujumbe ukaja: filamu imeingia fainali na imewekwa mtandaoni. Kichwa kilinivimba. Nilimpeleka mama hapo Misiera, mtaani kwetu kambini, kwenye duka la mama mmoja Mganda mwenye simu nzuri, tuitazame. Mwenye duka alisoma yale maneno ya chini, uso ukambadilika, akamshika mama mkono.

“Pole sana, mama. Kumbe bwana yako walimuua?”

“Nani amekufa?” mama akauliza.

Akasomewa yote. Hakuna ng'ombe, hakuna Endiinzi. Kule chini mama alikuwa mjane anayeomba msaada, na kicheko chake eti ni huzuni iliyomzidi akili. Kwetu, mke akimtangaza mumewe maiti naye yu hai, amekiita kifo kije nyumbani. Mama alijifunika kitenge kichwani, akatoka bila kuaga.

Nilimpigia rafiki yangu simu. Wala hakukana.

“Sasa unakasirika nini, ssebo? Ile watu ya Ulaya inapenda kulia. Mama anacheka tu, nani atapea yeye zawadi? Mimi nilisaidia wewe.”

Angeniibia kamera, ningemsamehe. Lakini huyu alimtazama mama, aliyempakulia ugali kwa mkono wake, akaona hafai hivyo alivyo. Nilimtukana, nikakata simu, nikalia kwa hasira. Siku hiyohiyo niliwaandikia waandaaji, kwa Kifaransa changu, waitoe filamu mashindanoni. Wakaitoa.

Baba akaitwa kutoka Endiinzi. Mama hakumpa hata maji. Alimshika mkono, wakazunguka Misiera mlango kwa mlango, akimlazimisha asalimie kwa sauti ili watu wamsikie. Niliwafuata nyuma, sina pa kuweka macho. Walipomaliza, baba alinigeukia.

“Mutoto wangu, ni weye ulinizika?”

Nilimweleza habari ya rafiki yangu na kile Kiingereza, sikuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Sawa,” akasema. “Lakini picha ya mama yako, nani alimupelekea?”