Mwombolezaji wa Glasi Mbili

Nililia matanga ya watu kwa miaka minne, na wengi wao sikuwahi kuwaona wakiwa hai. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unafika sokoni Rangwe siku ya Ijumaa, unasikiliza spika za mazishi zinatoka upande gani, kisha unamuuliza mtu wa boda maswali matatu: marehemu ni mwanamume au mwanamke, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi. Basi. Kabla sijafika langoni nilikuwa nimeshatunga dengo, ule wimbo wa kilio ambao kwetu Wajaluo mtu huingia nao bomani akimsifu marehemu, akimlaumu kwa kuondoka, akimuuliza ni nani sasa atachunga ng'ombe wake. Nilikuwa nikiuliza hivyo hata kama hakuwa na ng'ombe.

Nilikuwa hodari, lazima niseme. Wajane waliokuwa wamekwisha kukauka macho walianza upya waliponisikia. Halafu wanawake wa jikoni walinivuta nyuma ya nyumba wakanipa glasi ya chang'aa ya kulainisha koo, na baadaye ya pili ya kunishukuru. Kufikia mwaka wa pili sikuweza tena kulia kabla ya ile ya kwanza, na ile ya pili ilikuwa imezaa wenzake wengi.

Aliyenipa glasi ya kwanza kabisa alikuwa mama mdogo, ndugu yake mama, siku tuliyomzika nyanya yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, sina kazi, na sauti ilikuwa imekwama kwa uchungu. "Kunywa kidogo, nyathina, mwanangu, ifunguke," aliniambia. Ikafunguka. Alinipa kama mtu anavyompa mtoto asali ya kikohozi, na kwa muda mrefu sikujua kama nimchukie au nimwonee huruma.

Mama yangu hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na ukaguzi wake mlangoni pa jikoni. Nikirudi, alisimama pale na mwiko mkononi, akasema neno moja tu: "Pumua." Napumua. Ananusa, ananipakulia ugali na kugeukia moto. Nilijaribu kila ujanja. Nilitafuna majani ya mpera, vitunguu, dawa ya meno. Siku moja nilitafuna omena wabichi kiganja kizima, na mama akanusa, akasema, "Leo samaki ndiye amelewa." Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa anafuta macho, na haukuwa moshi.

Mwisho wa kazi yangu ulikuja siku nilipokosea boma. Niliona hema jeupe, viti vya plastiki, sufuria kubwa juu ya mawe, watu wamevaa vizuri. Sikumuuliza mtu wa boda chochote kwa sababu nilikuwa nimekwisha kunywa tangu asubuhi, na mlevi hujiona anajua. Nikatupa viatu, nikaingia mbio, mikono kichwani, nikipiga nduru: baba, umetuachia nani! Spika zikazimwa. Mwanamke mmoja akaangusha sahani. Walikuwa wamekuja kuleta mahari, na yule baba niliyekuwa namlilia alikuwa ameketi mbele yangu, mzima, na mfupa wa kuku mdomoni.

Mgeni anaweza kucheka. Hata mimi siku hizi hucheka kidogo. Lakini kwetu kilio hakiingizwi katika boma ambalo halijafiwa. Watu wanaamini kikishaingia kitatafuta wa kumchukua. Wageni wa mahari waliondoka bila kunawa mikono. Wazee wakataka kondoo wa kusafisha boma, na mama alikuwa na kondoo mmoja tu. Alimpeleka mwenyewe, akimvuta kwa kamba barabarani mchana kweupe, watu wakitazama, nami nikifuata nyuma. Njia nzima hakunigeukia hata mara moja. Ningefurahi kama angenichapa.

Wiki ile ile akanipeleka Kehancha, kwa rafiki yake wa mikutano ya akina mama wa kanisa. Mama yule alikuwa Mkuria, mkulima wa tumbaku, mpana wa mabega na asiye na subira. Alikuwa hajui Kijaluo, nami sikujua Kikuria, na hapo ndipo akili ya mama ilipojificha. Huwezi kwenda kulilia watu kwa lugha ambayo hawaisikii. Ujuzi wangu wote ulikwisha tulipopita Migori. Tulibaki na Kiswahili, na Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha sokoni tu: bei gani, punguza, asante. Kwa hiyo nililewa kwa Kijaluo, nikapona kwa Kiswahili.

Wiki za kwanza sitaki kuzipamba. Nilitapika, nilitoka jasho, niliona mende ambao hawakuwepo. Kazi yangu ilikuwa kufunga majani ya tumbaku kwenye fito yakakaushwe, na mikono ilitetemeka mpaka mwenyeji wangu akasema, "Wewe msichana, hayo majani unayafunga au unayasalimia?" Nilimtukana kwa lugha yangu. Akanijibu kwa yake. Kisha tukala.

Kabla ya kuniacha pale, mama alikuwa amenishika bega. "Siku yangu ikifika," alisema, "ukija kunililia na hiyo harufu, nitaamka kwenye sanduku niende zangu." Kila Jumapili baada ya kanisa alinipigia simu, na salamu yake ilikuwa ile ile: "Pumua." Napumua kwenye simu. "Simu haina pua," alisema siku moja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikamsikia akicheka. "Nikimaliza kuvuna nitakuja mwenyewe ninuse." Nikaanza kuhesabu mahindi yake kutoka mbali. Sikutaka kingine duniani. Nilitaka tu asimame mbele yangu mara moja, anuse, asipate kitu.

Hakumaliza kuvuna. Alianguka shambani, wakamkimbiza hospitali Homa Bay, na kabla sijapata gari la kutoka Kehancha simu ya pili ikaja.

Siku ya mazishi niliingia boma letu kwa miguu. Wanawake waliponiona langoni walinyamaza wote, wakisubiri. Walijua nilichowafanyia wafu wa watu, sasa walitaka kuona nitamfanyia nini wa kwangu. Nikainua mikono kichwani, nikafungua mdomo. Maneno yaliyokuja yalikuwa yale yale ya kila boma: nani sasa atachunga ng'ombe wako. Mama hakuwa na ng'ombe. Hata kondoo hakuwa naye, na sababu nilikuwa mimi. Nikashusha mikono. Hakuna kilichotoka, hata mlio. Nikasikia mtu akisema, "Ameshindwa kumlilia mama yake."

Mama mdogo akanifuata, macho yamevimba, akanivuta nyuma ya jikoni. Chini ya leso alikuwa na glasi. "Kunywa kidogo, nyathina," alisema. "Dada yangu hawezi kuzikwa kimya kama mtu asiye na mtoto. Ni leo tu. Nani atakulaumu?"

Hakuna ambaye angenilaumu, na hilo ndilo lililonitisha. Niliipokea. Harufu yake ilinipanda mpaka machoni, na ulimi wangu ukajaa mate kabla sijaamua lolote. Nilijua hakika kwamba nikiimeza dengo litatoka, zuri kuliko yote, na boma zima litalia. Nilitaka sana kumlilia mama yangu. Sijawahi kutaka kitu hivyo.

"Atajua," nikasema.

"Atajuaje? Si amekufa?" Mama mdogo alikuwa analia sasa kwa sauti.

Nikaiweka glasi juu ya mfuniko wa pipa la maji, nikamwacha hapo, nikapita katikati ya wanawake wakinong'ona, mpaka chini ya hema. Jeneza lilikuwa na kidirisha cha kioo usoni. Walikuwa wamemfunga kitambaa cheupe kichwani na kumjaza pamba puani.

Nikainama mpaka pua yangu ikagusa kioo, nikapumua. Kioo kikapata ukungu, uso wake ukapotea. Nikakipangusa kioo kwa kiganja, nikapumua tena.