Fundi Aliyekataa cha Bure

Donatien alikuwa fundi wa mitumbwi pale Kalundu, bandari ya Uvira, na kwa ubishi hakuwa na mwenzake mpaka Makobola alikozaliwa. Mama yake alimlea kwa sheria moja: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa ndagala, wale dagaa wa ziwani, rudisha na muhogo. Sheria nzuri, nani atabisha? Ila Donatien aliivaa mpaka ikambana shingo. Hata siku ya uhuru, mwaka 1960, Uvira nzima ikicheza barabarani na watu wakigawana nyumba za Wazungu kwa mdomo tu, yeye alisimama kando akiwacheka.

"Cha bure hakiko," alisema.

Shida ni kwamba alitamani kubatizwa. Alitamani mno! Kila wenzake walipoingia ziwani na kutoka wakiimba, yeye alibaki ufukweni machozi yakimlengalenga. Pasta Anastase alimwita mara ngapi? Jibu lilikuwa lile lile: bado sijamaliza. Maana alikuwa anamtengenezea Mungu mabenchi ya kanisa. Mbao zake, misumari yake, jasho lake. Kanisa likishajaa mabenchi, ndipo angepata uso wa kuomba wokovu.

"Weye Donatien," mke wake Félicité alimtania, "unazani Mungu iko fundi mwenzako, munabadilishana kazi?"

Pasta naye hakuchoka. "Wokovu iko zawadi, ndugu yangu. Yesu alishamaliza kazi yote. Weye unapokea tu."

"Kupokea tu? Minye siko muombaji, Pasta!"

Akarudi kwenye randa yake, amekasirika na ana huzuni.

Basi, mwaka 1964 waasi wakaingia Uvira. Pasta alivaa miwani na alijua Kifaransa, na siku hizo hayo mawili yalitosha mtu kuitwa kibaraka wa Wazungu. Asubuhi moja Félicité alikuja mbio mpaka pale mume wake alipofanyia kazi: wanamtafuta pasta nyumba kwa nyumba! Donatien hakuuliza la pili. Alikwenda kumchukua kwa njia ya uani, akamlaza chini ya nyavu ndani ya mtumbwi aliomaliza kuuziba jana yake, akashika kasia. Hawajafika mbali, risasi zikalia nyuma yao, maji yakaruka huku na huku. Donatien alipiga kasia kama aliyepagawa, huku akiimba. Ndiyo, akiimba! Hakuwahi kujisikia mwepesi hivyo maishani mwake.

Jua likiwa limeshapita utosini walifika ng'ambo, upande wa Burundi. Pasta alishuka, akavua saa yake ya mkono na kumsukumia.

"Chukua, ndugu. Siwezi kuvushwa bure hivi."

Ee, Donatien alifura!

"Saa? Minye nimekuomba saa? Nimekuvusha juu ya kukupenda, na weye unanilipa kama mupagazi? Unanitukana, Pasta!"

Kisha akaitazama ile saa mkononi mwa pasta. Miaka yote ya mabenchi ilimpita mbele ya macho, na kando ya kila benchi alimwona Mungu amesimama na uso ule ule aliokuwa nao yeye sasa.

"Pasta," alisema polepole, "minye nimemutukana Mungu."

Halafu kicheko kikampanda. Alicheka, akalia, akacheka tena, akamshika pasta mkono na kumkokota majini na viatu vyake.

"Nibatize! Sasa hivi! Sina kitu, ona, sina kitu kabisa!"

Pasta alimbatiza hapo hapo, miwani ikichuruzika maji, wavuvi wa pale wakiacha nyavu zao kuja kushangaa. Donatien aliibuka akipiga kelele za furaha mpaka watoto wakamkimbia. Alimkumbatia pasta, akamkumbatia na mvuvi mmoja asiyemjua hata jina. Shati hakulikamua. Alirukia mtumbwi na kuokota kasia.

"Unaenda wapi?" pasta alipaza sauti. "Pumuzika, ndugu! Umeshaokoka, Mungu hakudai kitu!"

"Najua hanidai!" Donatien alijibu, tayari anausukuma mtumbwi majini. "Ndiyo maana ninaenda. Félicité na majirani wako kule, wanangoja kuvushwa."