Mahali pa Roda

Kanisani Ibaba, miaka ile ya thelathini, kila mtu alijua pake. Mbele walikaa watu wa jumbe na makarani. Tangu serikali ya Mwingereza ianze kumlipa jumbe mshahara, mabenchi yao yalikuwa yamewekewa hata migongo. Katikati walikaa wenye ng'ombe. Karibu na mlango, penye baridi, walikaa watoto na wajukuu wa mateka, na Roda alikuwa miongoni mwao. Mama yake alitekwa utotoni katika vita vya zamani akaletwa milimani, na watu hawakulisahau hilo hata Roda alipokuwa mjane mwenye shamba la maharage la kuonewa wivu.

Ndipo Mbonile, mwana wa Jumbe Ezron, akampenda Lusungu, binti pekee wa Roda. Ezron hakukataa. Alimtuma mshenga wake, mzee Sadoki, na sharti moja: siku ya posa chakula kipikwe kwa jirani, maana ukoo wake hauli kilichopikwa na mtoto wa mateka.

"Usikasirike, mama," Sadoki alisema kwa upole. "Jumbe anasema vyeo vina kazi yake. Wote wakikaa mbele, nani atalima barabara?"

"Barabara tunalima sisi," Roda akajibu.

Tusifichane, alitaka kukubali. Lusungu alikuwa hali wala halali kwa ajili ya kijana yule. Lakini binti mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama, kama hawali chako, changu watakulaje?"

Basi Roda akapika mwenyewe: ugali wa ulezi, kuku na maharage. Wageni walifika wamelowa, njaa inawauma. Akatenga chakula bila kupiga magoti, kisha akaketi. Mimi mwanamke huyo namvulia kofia.

"Mama Lusungu, hatukupatana hivi," Ezron alisema.

"Kweli, Jumbe. Ulituma neno, nami sikulikubali. Mkono uliopika hiki ndio uliomfundisha Lusungu. Kama hakiliki, mniachie binti yangu, nanyi mrudi salama."

Sauti haikutetemeka.

Wazee wa Ezron walikuwa wamenawa tope walipoingia. Yeye peke yake alikuwa akingoja kunawishwa, kama alivyozoea. Akanyoosha mikono. Hakuna aliyeinuka.

"Maji yapo mlangoni," Roda alisema.

Jumbe akainuka, akanawa mwenyewe. Alipogeuka, wazee walikuwa wameshakizunguka chakula, na nafasi iliyobaki ilikuwa ile ya karibu na mlango. Akaketi hapo, akamega tonge, akala.