Kengele ya Chumbani kwa Mama

Bi Mwanawetu alipopooza, ulimi nao uligoma. Alibakiwa na mkono wa kushoto, na macho ya kuitia watu. Mwanawe Saburi, fundi redio wa Nachingwea, alihamishia kazi zake kwenye kibanda cha uani ili awe karibu naye. Lakini fundi aliyeinamia redio hasikii mgonjwa anayeguna ng'ambo ya ua. Akafunga kengele ya waya. Mbuzi wakaukata waya. Akaunga, wakaukata tena.

"Tengeneza kitu kama rimoti ya runinga," alimshauri Nurdini, rafiki yake aliyefundisha kompyuta pale mjini. Mwaka huo ulikuwa 2006, na Nurdini alikuwa na maikrokontrola kadhaa, vidude vyenye miguu kama tandu ambavyo unaviandikia la kufanya navyo vinatii.

Saburi alimwekea mama kitufe na kitaa cha infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kitandani, kipokezi akakipachika dirishani pa kibanda, mkabala na mlango wa mama ulioachwa wazi. Mchana jua lilipowaka, kengele ikalia mfululizo bila mtu kubonyeza.

"Jua nalo lina mwanga huohuo," Nurdini alisema. "Wako lazima uwe na mapigo yake."

Wakaiandikia chipu iwashe na kuzima kitaa maelfu ya mara kwa sekunde, kisha wakang'oa kwenye runinga mbovu kipokezi kinachojali mapigo hayo tu. Kengele ikatulia.

Siku ya kwanza mama alipobonyeza, Saburi alikuja mbio. "Maji, mama?" Akatikisa kichwa. Hakutaka kitu. Akabonyeza tena, mdomo wake uliopinda ukicheka.

Tangu hapo Biasha, dada yake Saburi aliyemlisha na kumgeuza mama, akaweza kwenda shambani Mtua bila wasiwasi.

Msimu wa korosho Biasha alirudi na mkokoteni wa magunia, mvua ikamkuta langoni. Korosho ikilowa imeharibika. Akayaburuta magunia mpaka barazani, akayapanga mbele ya mlango wa mama, gunia juu ya gunia, akiacha upenyo mwembamba wa kupita, akakimbilia jikoni kukoka moto. Kibandani, Saburi alisikia mvua tu ikipiga bati.

Mvua ilipokatika alimpelekea mama uji. Alimkuta ameteleza kwenye mto, uso umezama godoroni, amekwisha kuwa wa baridi. Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe. Saburi akageuka kutazama mlangoni. Dirisha la kibanda halikuonekana, yalionekana magunia. Na mwanga ule haupenyi gunia.

Biasha aliingia nyuma yake, akapiga yowe. "Kaka, kwani hakubonyeza?"

"Alibonyeza," Saburi akasema. "Mashine ilikufa. Maji yameingia kwenye kipokezi. Kosa langu."

Baada ya mazishi Nurdini alikibonyeza kile kitufe. Kengele ikalia. "Mbona nzima?"

Saburi akamkamata mkono. "Acha! Biasha yuko jikoni."

Nurdini akatazama magunia, yaliyokuwa yamesogezwa pembeni ili jeneza lipite. Akakiachia kitufe.

Mjini wakasema fundi yule aliuachia mdude umlee mama yake. Redio za kutengeneza zikapungua, hatimaye Saburi akahamia Ruangwa, akapata meza sokoni. Biasha hakuwahi kwenda kumsalimia. Waliomwuliza aliwajibu kwamba kaka yake alimwua mama kwa kujifanya mhandisi.

Mtu mmoja wa Mtua alimfikishia Saburi maneno hayo pale mezani. Saburi akaweka chini redio aliyoishika. Akamwuliza kama Biasha ni mzima, na kama mikorosho imezaa mwaka huu.