Nenosiri Langu Ukutani mwa Kanisa

Sitaki huruma ya mtu, kwa hivyo wacha nijicheke mwenyewe kwanza: nenosiri langu lilisomwa na ushirika mzima wa wakulima hapa Kiptere, ukutani mwa kanisa, herufi kubwa kama za wimbo wa Jumapili.

Siku hiyo kamati ilikuwa inaamua kama kazi ya kutunza kompyuta inayoweka hesabu ya kilo za majani chai itakuwa yangu ama ya mtu wa kutoka mjini. Hiyo kompyuta huwezi kuigusa, iko kwa wingu, mbali huko kwenye mashine za kampuni ya mtandao, na asubuhi nilikuwa nimeiwekea konsoli ya serial, yaani mlango wa nyuma wa kuingilia hata mtandao wake ukikufa (kazi safi, najisifu bila aibu). Ilibaki nenosiri tu. Sasa mama mkwe, kogo, yaani nyanya, wa mtoto wangu, alikuwa ametoka kuambia majirani kwamba mursik yangu, yale maziwa ya kugandisha, ni kama maji ya kuosha kibuyu, na mimi kwa hasira nikaandika KogoFungaMdomo1, kwani nani ataona? Nenosiri huwa halionekani.

Mbele ya watu, mle kanisani tunamofanyia mikutano, projekta ikimulika skrini yangu ukutani, nikakata mtandao wa mashine makusudi, nikafungua konsoli, skrini nyeusi tii, nikaandika jina langu, nikabonyeza Enter, kumbe hiyo Enter imeiamsha tu na sasa ndiyo inauliza jina, na mimi macho kwa kibodi, nikaandika nenosiri mahali pa jina, ambapo kila herufi huonekana.

Nikasikia sauti ya kogo mwenyewe, mtoto wangu akiwa mgongoni kwake, akisoma polepole: "Ko-go... fu-nga... mdo-mo... moja." Akanigeukia. "Moja? Kwani iko ya pili?"

Watu walicheka mpaka benchi moja ikaanguka. Mwenyekiti akapangusa machozi. "Mama Chebet, huo mlango umefunguka ama haujafunguka?"

Uso ulikuwa unachoma, lakini sikukimbia. Nikaandika upya, jina mahali pa jina, nenosiri mahali pa nenosiri, kilo za kila mkulima zikajaa ukutani. "Umefunguka," nikasema. Kazi nikapewa.

Tulipofika boma, kogo akaniuliza:

"Umebadilisha ile kitu?"

"Nimebadilisha, mama."

"Umeandika nini?"

"Nenosiri ni siri, mama."

"Haya. Basi bado ni mimi."

Si yeye. Naapa sitaandika hasira yangu kwa kompyuta tena, na kabla ya kubonyeza Enter naangalia ukuta kwanza. Lakini mursik yangu haina makosa, na hiyo nitamwambia kwa mdomo.