Nauli Ghali Kuliko Kaseti

Saa mbili asubuhi, kabla feri haijatia nanga, Sachiyo Mikuriya amepiga magoti katika duka lisilouza tena. Mbele yake kuna kaseti moja ya gemu ya besiboli, ya zamani, ukubwa wa kiganja. Anaifuta vumbi kwa mswaki wa meno, anaivingirisha kwenye nailoni yenye mapovu ya hewa, kisha anachukua kisu na kulipunguza boksi lililokuja na mayai.

“Likizidi hapo, nauli inapanda,” anasema, akilipima kwa mikono bila rula.

Kaseti yenyewe mteja ameinunua kwenye mnada wa mtandaoni kwa yeni mia tatu. Kuitoa hapa kisiwani Rishiri, kaskazini kabisa mwa Japani, hadi Miyazaki, kule kusini ambako theluji ni hadithi tu, ni karibu yeni elfu moja na mia saba. Kamba imekuwa ghali kuliko ng'ombe.

Sachiyo ana miaka sitini na mitatu. Kiangazi huchukua kibarua cha kuanika mwani juu ya mawe ya pwani. Baridi ikiingia husafisha samaki katika ghala la ushirika. Mwezi mzuri hupata yeni laki moja. Mwezi wa dhoruba, hata nusu yake haifiki.

Duka lilikuwa la mumewe, Shigeru. Aliwauzia madaftari, penseli na gemu watoto wa shule iliyokuwa hapo juu ya barabara. Watoto wakakua, wakahamia Sapporo na kwingineko. Shule ikafungwa. Na miaka sita iliyopita Shigeru naye akafariki, rafu za gemu zikiwa bado zimejaa.

“Aliagiza kana kwamba watoto wataendelea kuzaliwa tu,” Sachiyo anasema. Hacheki.

Binti yake, alipokuja kwenye kumbukumbu ya baba, ndiye aliyemfundisha kuuza mnadani. Huko bara watu wanazitafuta mno kaseti za zamani. Lakini wakishaiona nauli, walikuwa wanakimbia. Wenzake ghalani wakapata la kuchekea.

“Wee Sachiyo,” alimwambia Tome, anayesafisha naye samaki meza moja, “unauza gemu au unauza boksi?”

“Nauza boksi. Gemu ni nyongeza.”

“Basi niletee boksi tupu, nitilie figili zangu!”

Mwishowe karani wa posta akamwonea huruma, akamwonyesha njia nyingine: bahasha nyembamba inayotumbukizwa tu kwenye sanduku la barua la mteja, kwa yeni mia mbili hivi. Biashara ikachangamka. Wanunuzi wote wakachagua bahasha.

Wote, isipokuwa mmoja.

Bwana Uemori wa Miyazaki alinunua kaseti moja kila mwezi, na kila mwezi aliomba itumwe kama kifurushi. Sachiyo akamwandikia kumweleza habari za bahasha. Akajibiwa kwa adabu: “Asante kwa kunijali. Kifurushi, tafadhali.” Akamshauri basi achukue kaseti nne pamoja, alipie nauli moja. “Asante. Moja moja, tafadhali.”

Wanunuzi wengine huandika yale maneno yao ya kufungia biashara, basi. Uemori aliandika kwamba mvua zimeanza, kwamba machungwa ya jirani yameiva. Akauliza kama theluji ya Rishiri imefika madirishani.

“Naweza kumaliza siku nzima sijasema neno, ila na samaki,” Sachiyo anasema. “Halafu kuna mtu mbali huko ananiuliza habari za theluji.”

Desemba iliyopita akafanya alichodhani ni wema. Kaseti ya Uemori akaitia kwenye bahasha, na nauli iliyobaki akamrudishia kwa stempu, kama watu wa huku wanavyorudishiana chenji kwa posta. Akaambatisha na kijikaratasi: Bwana Uemori, tusizitupe pesa.

Januari Uemori hakununua. Februari hakununua. Sachiyo akaweka picha za kaseti nyingine, akapunguza bei, hata akaandika chini ya tangazo kwamba theluji sasa imeziba madirisha. Hakuna aliyeuliza lolote.

“Amepata wa bei nafuu,” Tome alimwambia. “Wanaume!”

“Tome, huyu ni mzee anayenunua gemu.”

“Ndio haohao.”

Sachiyo alijua kuna mahali amekosea, ila hakupajua. “Umemrudishia mtu pesa zake,” anasema. “Akukasirikie kwa lipi?”

Jibu lilikuja Machi. Analo mpaka leo kwenye simu, na anapolisoma hupunguza sauti.

“Mama Mikuriya, naomba radhi kwa kuchelewa. Kifurushi hakikuja, nikadhani umechoka kuniuzia; bahasha nimeiona juzi tu. Sanduku langu la barua liko getini, na miguu yangu haipendi ngazi. Tena hakuna anayeniandikia, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kulitazama. Kaseti ni nzuri. Nikiri kwamba mashine ya kuichezea sina. Mleta vifurushi akija hubisha hodi, huniita kwa jina, hungoja mpaka nifike mlangoni. Bahasha haibishi hodi. Kama si kukusumbua, naomba tena kifurushi.”

Anaizima simu, anailaza kifudifudi.

“Miezi mitatu nilimnyima hodi,” anasema. “Na chenji nikamrudishia juu.”

Tangu hapo vifurushi vinakwenda tena, na habari za machungwa zinakuja. Ila rafu ya Shigeru inaisha. Zimebaki kaseti tano, na hazitengenezwi tena. Hilo Uemori hajaambiwa.

Mpango wa Sachiyo ni mmoja ambao Tome akiusikia atadondosha kisu: ameanza kununua yeye. Anaingia mnadani, anaweka dau dogo dogo kwenye kaseti ambazo hakuna anayezitaka, analipia nauli ya kuzileta kisiwani, kisha anamuuzia Uemori kwa mia tatu zilezile.

“Nauli ya kuja naibeba mimi,” anasema. “Mwani ukikubali mwaka huu, tutafika mwakani. Nikijaliwa, na mwaka wa pili.”

Wauzaji nao wanamuuliza: bahasha au kifurushi? Bahasha ni nafuu, mama, wanamshauri, kwa roho safi kabisa.

Mchana, gari la vifurushi linasimama mbele ya duka. Mleta vifurushi, Bwana Kudo, anagonga kioo, kifurushi mkononi.

“Mama Mikuriya! Umenunua tena? Hivi vitu unavicheza saa ngapi?”

Sachiyo ameshasimama, anaziweka nywele sawa.

“Ingia kwanza, upepo huo,” anamwambia. “Kalamu ya kusainia siioni ilipo. Kaa, niitafute.”

Kalamu imechomekwa kwenye aproni yake.