Keki ya Fundi Mwashi

Mgongo wa fundi mwashi uligoma asubuhi moja bila hata kubisha hodi. Aliinama kuokota tofali, tofali likakubali kuja, mgongo ukakataa kunyooka. Wenzake wakambeba mpaka nyumbani akiwa amejikunja vilevile kama kiti. Daktari akamwambia, "Zege basi, mzee. Tafuta kazi isiyokuinamisha."

Kusema ni rahisi. Mtu aliyeshika mwiko tangu ndevu hazijaota, ashike nini kingine? Bahati ikaja na miguu ya shemeji yake, aliyesikia kwamba serikali inawafundisha ufundi mpya watu walioshindwa na kazi zao za zamani. Ada inalipa serikali yenyewe, na posho kidogo juu yake. Ila nafasi zilizobaki zilikuwa za uokaji tu.

"Uokaji?" Mkewe alishika kiuno akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe, baba watoto, unayeunguza hata maji ya chai?"

"Cheka tu," fundi akasema. "Ng'ombe hazeeki maini."

Darasani alikuwa mwanamume peke yake, na mwalimu wake alikuwa binti wa rika la kifunguamimba wake. Binti huyo alimwita baba kwa heshima zote, lakini hakumwonea haya.

"Baba, huo ni unga, si mchanga. Usiupige koleo."

Mikate akiipanga kwenye trei, aliipanga kwa kupishanisha maungio kama anainua ukuta. Wenzake wakamwuliza kama wamchimbie na msingi. Naye akacheka nao, kwa kuwa moyoni alishaipenda kazi hii. Joto la tanuri liliukanda mgongo wake, na jioni alirudi nyumbani ananukia mkate badala ya saruji. Hata mkewe alianza kumsogelea.

Lakini palikuwa na sharti. Muhula wa kwanza ukiisha, kila mwanafunzi aoke keki, na afisa wa serikali aje aionje. Anayeshindwa, nafasi yake anapewa mwingine, na posho inakatika hapohapo. Na kwa fundi, posho ile ndiyo iliyoinjika sufuria.

Siku ya mtihani keki yake ilitoka tanurini imeumuka vizuri, rangi yake ya kutamanisha. Akaiweka mezani ipoe. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda kumpokea afisa. Fundi akainama kidogo kuitazama kazi yake, na moyo ukamlipuka. Juu ya keki, katikati, palikuwa na ufa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta! Maisha yake yote aliyaishi ndani ya methali hiyo. Zege likianza kupasuka lina kiu; unalimwagilia, kisha unalifunika gunia bichi. Mikono haikungoja akili. Ilichukua jagi, ikaimwagia keki maji kwa upole, pembe hadi pembe, kisha ikaifunika kwa taulo lililolowa.

Mwalimu aliingia na afisa, mama mmoja mwenye miwani mikubwa. Akafunua taulo. Chini yake palikuwa na uji.

"Baba! Imenyeshewa?"

"Nimeimwagilia, mwalimu. Ilikuwa inapasuka."

Afisa alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Alipoivaa tena, uso ulikuwa wa kazi. "Pole, mzee wangu. Siwezi kusema nimeonja hiki. Sharti ni sharti."

"Sharti linasema keki iwe tayari kabla ya kufunga darasa," mwalimu akadakia. "Na bado hatujafunga. Baba, ufa ni dalili kwamba keki imeumuka. Anza upya, lakini ikitoka, usiiguse!"

"Na ile methali je?"

"Hiyo ni ya kuta. Keki haijui methali."

Fundi akapiga mayai, akachanganya, akaingiza tanurini. Kuoka hakukumpa shida. Shida ilikuja keki ilipotoka. Alivuta stuli, akaketi mbele yake, akaikalia mikono yake yote miwili. Ufa ukajichora taratibu, ukapanuka mbele ya macho yake. Fundi akaguna kama anayeng'olewa jino.

"Tulia, baba," mwalimu akanong'ona, akasukuma jagi mbali kwa kiwiko.

"Unaendelea, mwalimu! Unaelekea ukingoni!"

"Uache uende."

Darasa zima lilikuwa limeacha kuosha vyombo. Keki ilipopoa, afisa alichukua kisu, akakata palepale kwenye ufa, akatafuna huku anatazama dari. Akakata kipande cha pili. Cha pili hakikuwamo kwenye utaratibu wa mtihani.

"Tutaonana muhula ujao, mzee," akasema, akamnyooshea mkono wa pongezi.

Fundi alitaka kuupokea, lakini mikono yake ilikuwa imekufa ganzi chini yake, na ikabidi mwalimu amchomolee mmoja, amshikishe.